Chuma Kikizidi Mwilini: Majani Yanaweza Nini na Hayawezi Nini

Ukishuka Buguruni Sheli na kukata kuelekea sokoni, hutakwenda mbali kabla hujakutana na dawa ya damu. Ipo kwenye chupa za maji zilizojazwa juisi nyekundu ya rosela, ipo kwenye vifuko vya unga wa mlonge, ipo kwenye mafungu ya matembele na bitiruti, na ipo kwenye kipaza sauti cha muuza dawa za asili kinachorudia maneno yale yale tangu asubuhi: inaongeza damu, inasafisha damu. Kwa mama mjamzito, au kwa mtoto aliyepauka kwa lishe duni, baadhi ya vitu hivyo ni chakula kizuri. Makala haya nawaandikia watu wengine, ambao soko halikuwafikiria. Ni wale ambao madini ya chuma yamewazidi mwilini na sasa wanatafuta jani la kuyapunguza.

Wapo, na wengi wao ni wagonjwa wa selimundu, ule ugonjwa ambao mitaani tunauita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Makadirio yanayotajwa sana ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Chembe nyekundu za damu ya mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Za mwenye selimundu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Malaria ikimpata, au bandama ikivimba ghafla na kuzuia damu ndani yake, wekundu wa damu, yaani hemoglobini, unaporomoka na inabidi awekewe damu haraka. Damu hiyo inamwokoa, na simshauri mzazi yeyote aikatae. Lakini kila chupa inaacha kitu nyuma yake.

Tufanye hesabu, maana ndiyo inayoamua kila kitu hapa. Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 3 hadi 4 tu. Kila siku chakula huingiza miligramu 1 hadi 2, na karibu kiasi hicho hicho hupotea kupitia ngozi inayopukutika, seli za utumbo zinazochakaa na, kwa wanawake, hedhi. Mwili hauna njia nyingine ya maana ya kutoa chuma. Sasa, chupa moja ya damu ya mtu mzima ina chuma cha miligramu 200 hadi 250. Aliyewekewa chupa 20 katika maisha yake amepokea gramu 4 hadi 5, yaani zaidi ya akiba yote aliyopaswa kuwa nayo. Utumbo ni mlango wenye mlinzi: chuma kikitosha mwilini, hupunguza kinachoingia. Damu ya kuongezewa hupita kwenye mshipa, mlinzi hakuulizwa. Mtoto hupewa damu kidogo kulingana na uzito wake, lakini na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo kwake hesabu ni ile ile.

Chuma hicho cha ziada hujikusanya kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kongosho na kwenye tezi zinazotoa homoni. Kwa miaka mingi mtu hasikii kitu. Baadaye ini linakakamaa, kisukari kinaingia, kijana wa miaka 15 anachelewa kubalehe, moyo unaanza kupiga ovyo. Uchovu upo, lakini mwenye selimundu amezoea kuchoka, hivyo haumshtui. Ndiyo maana kusubiri dalili ni kuchelewa.

Wasomaji wananiuliza kuhusu mimea, na swali lao si la kipuuzi. Ipo mimea inayozuia chuma kwa ushahidi mzuri, na wa kwanza uko jikoni kwako: chai. Chai ya rangi iliyokolea ina tanini, zinazoshikana na chuma cha vyakula vya mimea tumboni na kukifanya kisifyonzwe. Ikinywewa pamoja na mlo, ufyonzaji wa chuma hicho unaweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa wa ugonjwa wa kurithi unaowapata zaidi Wazungu, ambapo utumbo hufyonza chuma kupita kiasi. Kwa waliokunywa chai nyeusi kila mlo kwa mwaka mmoja, chuma kilijikusanya tena polepole kuliko kwa wasiokunywa. Zingatieni jambo moja ambalo huwa linaachwa pembeni: wagonjwa hao waliendelea na matibabu yao ya kutolewa damu. Chai ilisaidia matibabu, haikuyarithi.

Kama daktari amethibitisha kwamba chuma kimekuzidi, basi kunywa chai ya rangi wakati wa kula, si saa moja au mbili baadaye, maana tumbo likishamaliza kazi chai haina cha kuzuia. Ikolee, isiwe maji yaliyopakwa rangi, na sukari iwe kidogo, hasa ukikumbuka kwamba kongosho lako tayari liko hatarini. Fahamu pia kwamba chai haigusi sana chuma cha nyama nyekundu na maini, ambacho huingia kwa njia yake. Ugali wa dona, maharage, kunde, choroko na ufuta vina faiteti, nazo huzuia chuma kwa namna inayofanana. Kwa hiyo sahani ya kawaida ya Buguruni, dona na maharage na kikombe cha chai ya rangi, ni mlo mzuri kwa mtu huyu, tena wa bei nafuu.

Sasa rudini kwenye hesabu. Tuseme chai na dona vinakuzuilia nusu ya chuma cha chakula. Umeokoa chini ya miligramu 1 kwa siku. Ukifanya hivyo mwaka mzima bila kukosa hata mlo mmoja, umezuia takriban miligramu 300, yaani chuma cha chupa moja ya damu na kidogo zaidi. Mtu anayewekewa damu kila mwezi hupokea zaidi ya gramu 2 kwa mwaka. Kuzuia kisiingie si sawa na kukitoa kilichokwisha kuingia, na hapo ndipo mimea yote ninayoifahamu inapokwama.

Manjano nayo inasifiwa sana. Kiini chake, kurkumini, kinashika chuma kwenye maabara na kwa panya. Tatizo ni kwamba utumbo wa binadamu huipokea kwa shida, sehemu kubwa hupita tu. Manjano ya kupikia pilau na samaki haina neno, endelea nayo. Vidonge vya manjano iliyokolezwa ni habari nyingine: yapo matukio yaliyoripotiwa nje ya watu waliodhurika ini baada ya kuvitumia, na ini lenye chuma kingi halihitaji mzigo wa pili. Kuna pia silimarini, dawa inayotolewa kwenye mbegu za mbaruti wa Ulaya, ambayo utaikuta kwenye famasi kubwa za mjini ikiuzwa kama dawa ya ini. Watafiti wa Iran waliijaribu kwa wagonjwa wa thalasemia, wale ambao, kama baadhi ya wenzao wa selimundu, huishi kwa kuongezewa damu, na walipata dalili za kutia moyo. Lakini waliitoa pamoja na dawa ya hospitali ya kuondoa chuma, si badala yake, na majaribio yenyewe yalikuwa madogo. Ukiona kifuko kinachodai kwamba pumba za mpunga zitafanya kazi hiyo peke yake, kiache dukani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni upande wa pili, yale tunayoyaongeza kwa nia njema. Mtoto wa selimundu amepauka, macho ya njano, na kila jirani ana ushauri: mpe maini, mpe mlonge, mpe rosela, mnunulie dawa ya kuongeza damu. Lakini damu yake haipungui kwa kukosa chuma, inapungua kwa sababu chembe zinavunjika, na sehemu kubwa ya chuma cha chembe zilizovunjika inabaki mwilini mwake. Unga wa mlonge una chuma. Juisi za ukwaju, ubuyu na rosela zina uchachu unaosaidia chuma cha chakula kufyonzwa. Mnyweshe mtoto kwa hamu yake, kati ya mlo na mlo, usizifanye dawa. Matunda asinyimwe. Vidonge vya vitamini C vya kiwango kikubwa ndivyo vya kuepuka, kwa sababu kwa mtu mwenye chuma kingi vinaweza kuudhuru moyo. Kama dawa anayotumia inahitaji vitamini hiyo, daktari ndiye atakayepanga kiasi.

Na hapa naomba kila mzazi asome polepole. Kliniki ya selimundu humwandikia mtoto foliki asidi, ambayo mara nyingi ni vile vidonge vidogo vya njano. Ukienda duka la dawa muhimu na kusema tu "nataka dawa ya damu", unaweza kupewa fefo, au sharubati tamu nyekundu, na vyote hivyo vina chuma ndani yake. Havifanani na foliki ingawa majina yanakaribiana. Nenda na cheti, taja foliki asidi yenyewe, soma pakiti kabla hujatoa hela. Vivyo hivyo kwa multivitamini: tafuta isiyo na chuma. Wapo watoto wa selimundu ambao kweli wamepungukiwa na chuma, kwa hiyo sisemi kamwe wasipewe. Nasema apewe aliyepimwa.

Kisiwa cha Pemba kiliufundisha ulimwengu somo hili. Mwaka 2002 ulianza huko utafiti mkubwa wa watoto wadogo zaidi ya 24,000, baadhi yao wakipewa chuma na foliki kila siku kwa matumaini ya kupunguza upungufu wa damu. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati. Watoto waliokuwa wakikipata walikuwa na uwezekano wa kulazwa au kufa mkubwa zaidi kwa asilimia 12 kuliko wenzao, kwenye eneo ambalo malaria ilikuwa imeshamiri. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lililazimika kubadili mwongozo wake kwa maeneo ya malaria. Walipochunguza zaidi, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walionekana kufaidika nacho. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichotofautisha ni hali ya mtoto aliyeinywa.

Kuna njia mbili nyingine ninazoulizwa mara kwa mara. Ya kwanza ni hijama, kupiga chuku. Ni kweli kwamba Ulaya na Marekani wenye ugonjwa ule wa kurithi hutibiwa kwa kutolewa damu, na ukisoma ushauri wao unaweza kudhani nawe utapona hivyo. Wao wana damu ya kutosha. Mgonjwa wa selimundu mwenye wekundu wa damu wa gramu 7 kwa desilita hana ya kumwaga, na kiasi kinachotoka kwenye chuku ni kidogo mno kupunguza chuma, huku kidonda chake kikiwa mlango wa maambukizi. Usimpeleke mtoto. Ya pili ni kula udongo, kwa kuwa mtu amesikia kwamba udongo hunasa chuma tumboni. Udongo wa sokoni unaweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo. Hapana.

Dawa zinazotoa chuma zipo, na ni vyema uzijue kwa majina. Kongwe ni deferoksamini, iliyogunduliwa Uswisi miaka ya 1960. Wanaosema hawataki dawa za kiwandani wajue kwamba asili yake ni bakteria wa udongoni, kwa hiyo tofauti yake na majani ya sokoni haiko kwenye uasili. Iko kwenye kipimo: inajulikana inashika chuma kiasi gani, inakitoa kwa njia ipi, na inadhuru wapi. Hutolewa kwa sindano ndogo chini ya ngozi, ikipita polepole kwa saa 8 hadi 12, usiku tano au zaidi kwa wiki. Ni kazi nzito kwa familia inayoishi chumba kimoja. Kuna deferiproni, ya vidonge, ambayo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, hivyo homa yoyote ukiwa nayo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Na kuna deferasiroksi, nayo ya kunywa, iliyoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 2005. Hii ndiyo nyepesi kwa matumizi ya nyumbani, lakini figo na ini lazima vipimwe mara kwa mara. Mkojo ukigeuka mwekundu kwa deferoksamini au deferiproni, usiitupe dawa kwa hofu. Mara nyingi ni chuma kinatoka, ila mweleze muuguzi.

Najua kinachowapeleka watu kwa muuza majani. Dawa hizi ni ghali, na hazipo kila famasi. Mama anayeuza vitumbua Malapa ili alipe kodi hawezi kuchaguliwa njia kwa maneno matamu tu. Ndiyo sababu nasema ulizeni ustawi wa jamii wa hospitali, ulizeni bima, ulizeni kliniki kama kuna mpango wowote wa dawa, na msione aibu kuuliza kila mnapohudhuria.

Na ukiamua kutumia mti shamba, usiufiche. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na linasajili waganga na dawa zao. Muulize muuzaji usajili wake. Lakini usajili haumaanishi kwamba dawa hiyo imethibitishwa kutoa chuma. Ibebe ilivyo, na kifuko chake, uioneshe kliniki, kwa sababu ini likichafuka daktari lazima ajue kama ni chuma, ni deferasiroksi au ni mzizi. Kamwe usiache dawa ya hospitali ili kuupisha mti. Mwaka 2011, watu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mzee aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Yaliyowapata yanatosha kuwa somo.

Njia bora ya kupunguza chuma, hata hivyo, ni kuhitaji damu mara chache, na hapo mzazi ana nguvu kubwa. Haidroksiurea ni dawa ya kunywa ya selimundu. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa maumivu, malaria, vifo na mahitaji ya kuongezewa damu. Uliza kliniki kama mtoto wako anafaa kuianza. Chandarua chenye dawa kila usiku, dawa ya kinga ya malaria kama alivyoandikiwa, penisilini kwa walio chini ya miaka 5, chanjo zote, maji ya kunywa ya kutosha: kila kimoja kinazuia lile tukio linaloishia kwenye chupa ya damu.

Jueni pia wekundu wa damu wa kawaida wa mtoto wenu. Wengi wenye selimundu huishi na gramu 6 hadi 9 na wanacheza, wanasoma, wanakua. Akipimwa akiwa na 7 wakati kawaida yake ni 7, na hana homa wala pumzi ya shida, hiyo si sababu ya kuwekewa damu. Iandikeni namba hiyo juu ya daftari lake la kliniki, ili hata zamu ya usiku mahali msipofahamika aione. Na kila anapoongezewa damu, andikeni tarehe na kiasi. Daktari atakayekuja baadaye hawezi kukisia.

Kipimo cha chuma cha kuomba kinaitwa ferritini. Kifanyike mtoto akiwa mzima, si katikati ya homa wala maumivu, kwa sababu maambukizi yenyewe hukipandisha. Kikivuka 1,000 na kurudia hivyo, au kama ameshawekewa damu mara 10 hadi 20, ni wakati wa kuzungumzia dawa ya kutoa chuma, pamoja na vipimo vya ini, sukari na moyo. Apimwe pia homa ya ini B na C, na achanjwe ya B kama hajapata. Pombe aiache kabisa kijana yeyote mwenye tatizo hili. Vyakula vya baharini apate, lakini viive sawasawa, kwani wapo vijidudu vya maji ya chumvi wanaomdhuru vibaya mwenye chuma kingi.

Muhimbili imekuwa na mpango maalumu wa selimundu tangu 2004, na kwa wa Buguruni hospitali ya Amana iko karibu. Wa upande mwingine wana Temeke na Mwananyamala. Kama mtoto wako, au wewe mwenyewe, umewekewa damu mara nyingi na hujawahi kusikia neno ferritini likitajwa chumba cha daktari, nenda na daftari lako kliniki ijayo na ulitaje wewe.